Gent, Ubelgiji: mji wa kulala, si wa kupitia (uzi kwa wanaopanga safari)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mtu akiuliza humu aende wapi akifika Ubelgiji, majibu huwa yale yale: piga picha Grand-Place pale Brussels, kesho yake panda treni ya asubuhi uende Bruges, jioni urudi. Bruges ni mji mzuri na simzuii mtu kwenda. Ila kwenye reli hiyo hiyo, katikati ya safari, upo mji wa Gent. Treni inasimama pale kabisa, na watalii wengi huutazama kupitia dirishani tu, wakaendelea. Mimi nilisoma pale, nikawa mwenyeji wa kila aliyetua kutoka nyumbani: ndugu, mapadri, wafanyabiashara, wanafunzi waliokuja mkutanoni. Msimamo wangu haujabadilika. Kama una siku chache za Ubelgiji, lala Gent. Brussels ni nusu saa na ushei kwa treni, Bruges haifiki hata nusu saa, na jioni unarudi kwenye mji ambao watu bado wanaishi ndani yake. Watalii wa siku moja wakishaondoka Bruges, mitaa mingi ya katikati inalala. Gent saa hiyo ndiyo wanafunzi wanatoka madarasani, wanakaa ukingoni mwa mto na chipsi zao, miguu inaning'inia juu ya maji.

Sasa tuanze na historia kidogo, maana bila hiyo utaona majengo tu.

Gent ilitajirika kwa kitambaa. Karne ya 14 ilikuwa na watu kama 60,000, na kwa upande wa kaskazini mwa milima ya Alps miji ya kuishinda ilikuwa ya kutafuta, Paris ikiongoza. Wafumaji wake walifuma kitambaa cha sufu kilichotafutwa Ulaya nzima. Lakini sufu yenyewe ilitoka Uingereza, na hapo ndipo penye kisa. Uingereza na Ufaransa zilipogombana, mtawala wa Flandria (jimbo lenye mji wa Gent) akasimama na mfalme wa Ufaransa, Uingereza ikafunga sufu isitoke, na mitambo ya kufumia Gent ikanyamaza. Njaa ikaingia majumbani. Mwaka 1338 akatokea mfanyabiashara mmoja, Jacob van Artevelde, akaushika mji na kwenda kuelewana na Waingereza kinyume cha bwana wake. Sufu ikarudi. Mwaka 1345 wenyeji wenzake wakamuua. Leo sanamu yake iko katikati ya uwanja wa Vrijdagmarkt, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea Uingereza. Ukipita pale Ijumaa, soko bado linafanyika chini yake.

Kisa cha pili ni cha Karl wa Tano, mfalme aliyetawala kuanzia Hispania hadi Ujerumani na makoloni ya Amerika. Alizaliwa Gent mwaka 1500, mtoto wa mji. Mwaka 1539 mji wake mwenyewe ukagoma kulipa kodi ya vita vyake. Mwaka 1540 akaja na jeshi, akaunyang'anya mji haki zake, na akawalazimisha wazee na viongozi wake watembee miguu mitupu, wamevaa mashati meupe, kitanzi shingoni, kwenda kumwomba msamaha. Ungedhani watu wangeificha aibu hiyo. Watu wa Gent wameigeuza kuwa fahari: mpaka leo wanajiita wabeba vitanzi, na wakati wa sherehe zao za Julai utawaona kwenye maandamano na kamba shingoni. Ukilielewa hilo, utawaelewa watu wale. Hawapendi kuamrishwa.

Hata ile ngome kubwa ya mawe, Gravensteen, iliyojengwa na Philip wa Alsace mwaka 1180, haikuwekwa pale kwa ajili ya adui wa mbali. Iliwekwa ili matajiri wa mjini, waliokuwa wakijijengea nyumba ndefu za mawe, waone nani mkubwa. Baadaye ikawa mahakama, ikawa gereza, karne ya 19 ikawa kiwanda cha pamba na familia za wafanyakazi zikaishi ndani ya kuta zake. Mwaka 1949 wanafunzi waliivamia, wakafunga milango na kuwarushia askari matunda yaliyooza, wakipinga bei ya bia kupanda. Juu ya paa unauona mji wote. Tiketi yake inastahili pesa yake.

Njia ninayowapitisha wageni wangu: shuka stesheni ya Gent-Sint-Pieters (kutoka uwanja wa ndege wa Brussels kuna treni ya moja kwa moja, kama saa moja), panda tramu mpaka Korenmarkt. Kadi ya benki unaigusisha kwenye mashine ndani ya tramu, basi. Ukishuka, usikimbilie makanisa. Nenda kwanza juu ya daraja la Sint-Michiels. Ukisimama hapo ukageukia mashariki, minara mitatu inajipanga mstari mmoja: kanisa la Sint-Niklaas, mnara wa kengele wa mji wenye urefu wa mita 91 na joka la shaba kileleni, na kanisa kuu la Sint-Baafs. Chini upande wa kushoto ni Graslei, bandari ya zamani, nyumba za vyama vya mafundi na wafanyabiashara zimeshikana bega kwa bega. Tafuta ile nyeusi-nyeusi ya mawe mazito yenye ngazi kwenye paa: hiyo ni ghala la nafaka la miaka ya 1200 hivi. Majahazi yote ya nafaka yaliyopita mito ya Leie na Scheldt yalilazimika kusimama hapa, na sehemu ya shehena ibaki mjini. Pembeni yake kuna kijumba chembamba mno cha mwaka 1682, ofisi ya mtoza ushuru. Watu wa bandarini mtaelewa haraka, mambo ya ushuru hayajabadilika.

Naweka nukta hapa, tutaendelea kwenye maswali. Karibuni.


#2 Mdau wa Morogoro

Mkuu uzi umeshiba. Ila umefika mlangoni kwa Sint-Baafs ukageuza. Ule mchoro wa Mwanakondoo ndio watu wanaousifia, je unastahili foleni? Mimi si mtu wa sanaa.


#3 Mleta uzi

Mkuu, nimeuacha makusudi ili nisiuseme kwa haraka.

Unastahili, na usiwe na wasiwasi wa kutokuwa mtu wa sanaa. Ni mchoro wa madhabahuni wa mbao nyingi zilizounganishwa kama milango ya kabati, unafunguka na kufungwa. Ukiwa wazi una upana wa karibu mita 4.6. Ulianzwa na Hubert van Eyck, akafariki, ukamaliziwa na mdogo wake Jan mwaka 1432, kwa fedha za tajiri mmoja wa mji, Joos Vijd, na mkewe Elisabeth Borluut. Wenyewe wamechorwa kwa nje, wamepiga magoti, na Vijd ana mpaka chunjua usoni. Mchoraji hakumficha kitu aliyekuwa anamlipa.

Ushauri wangu ni huu: ukifika mbele ya kioo kinachoulinda, usiutazame wote kwa mara moja. Chagua sehemu moja. Mimi huwaambia wageni watazame majani chini ya miguu ya watu. Kila ua limechorwa hadi wataalamu wa mimea wanaweza kulitaja jina. Kisha tazama vito kwenye mavazi: kwenye kila kito kuna mng'ao wa dirisha, na mwanga unatoka upande uleule ambao mwanga wa dirisha la kanisa ulikuwa ukiingia pale mchoro ulipotundikwa mwanzo. Mtu alikaa na brashi ya nywele chache akafikiria hilo miaka 600 iliyopita.

Halafu mtazame Mwanakondoo mwenyewe, katikati, damu ikichuruzika kwenye kikombe. Kwa karne nyingi watu walimwona na uso wa kondoo wa kawaida, mpole. Kazi kubwa ya kuusafisha mchoro ilipoanza mwaka 2012, mafundi waligundua kwamba sehemu kubwa ilikuwa imepakwa rangi juu na watu wa karne ya 16. Walipobandua rangi hiyo punje kwa punje, chini wakaukuta uso mwingine: macho yanatazama mbele, yanakutazama wewe. Picha ilipotoka, dunia nzima iliipigia kelele mitandaoni. Mimi niliposimama mbele yake sikuwa na hamu ya kucheka hata kidogo. Yale ni macho ya anayejua anachofanyiwa.

Na mchoro huu umeibwa kuliko wote. Wafaransa waliuchukua mwaka 1794 ukapelekwa Paris, ukarudi 1815. Mwaka uliofuata baadhi ya mbao zake zikauzwa, zikaishia Berlin, zikarudishwa baada ya Vita ya Kwanza kwa Mkataba wa Versailles. Wanazi nao wakauchukua, mwaka 1945 ukakutwa kwenye mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria. Lakini wizi unaowauma watu wa Gent mpaka leo ni wa usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934. Mbao mbili ziling'olewa. Mwizi akaandika barua akidai faranga milioni moja za Ubelgiji, na kuonyesha hatanii akarudisha ubao mmoja. Wa pili, ule wa Majaji Waadilifu, haujaonekana tena. Mwaka huohuo dalali mmoja, Arsène Goedertier, akiwa anakata roho alisema yeye peke yake ndiye anayejua ulipo. Akafa nalo. Unaouona leo kwenye nafasi hiyo ni nakala. Watu wameshachimba chini ya mawe ya mitaa wakiutafuta.

Kuingia kanisani ni bure, kuuona mchoro ni tiketi yenye saa maalumu. Kata mtandaoni kabla. Jumapili asubuhi ni misa, watalii wanasubiri mchana. Na kwa sababu usafishaji unafanywa kwa awamu, wakati fulani baadhi ya mbao huwa zimehamishiwa jumba la makumbusho la MSK, ambako mafundi hufanya kazi nyuma ya kioo na wewe unawaona. Angalia tovuti ya kanisa ujue ziko wapi wiki unayokwenda. Mimi nasema ukizikuta MSK una bahati zaidi, maana kule unazisogelea.


#4 Mdau wa Bukavu

Ndugu zangu, nasoma tangu mwanzo na ninashukuru. Mimi ni Mkongo. Kila nikisoma habari za utalii Ubelgiji, naona chokoleti, bia, makanisa, lakini habari zetu hazimo. Mji huo nao ulikula jasho la Kongo au haukuhusika? Nataka kujua kabla ya kupeleka watoto wangu.


#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, asante kwa swali hili, na nakujibu kwa marefu.

Ulihusika, na alama ziko wazi kwa anayetaka kuziona. Anza na ile sura nzuri niliyoisifia hapo juu, Graslei na daraja la Sint-Michiels. Usafi ule wa picha ya posta haukuachwa tu na zama za kati. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji uliandaliwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1913. Nyumba zikabomolewa ili minara ionekane, kuta zikakarabatiwa, daraja likajengwa upya, na stesheni ya Gent-Sint-Pieters unayoshukia nayo ilijengwa kwa ajili ya wageni wa maonyesho hayo.

Ndani ya maonyesho kulikuwa na mchoro mkubwa wa kuzunguka, mita 115 kwa urefu, wa Kongo kama serikali ya kikoloni ilivyotaka Wabelgiji waione: reli, bandari ya Matadi, msitu. Na kulikuwa na watu walioonyeshwa. Kijiji cha Wasenegali. Kijiji cha Waigorot kutoka milima ya Ufilipino. Waliwekwa ndani ya uzio, wageni wakalipa kiingilio kuwatazama wakipika na kulala. Mmoja wa wale Waigorot, kijana wa miaka 28 aliyeitwa Timicheg, alifia Gent. Mwaka 2011 mji uliipa jina lake njia ya chini iliyoko karibu na stesheni. Maelfu wanapita kwa baiskeli kila siku. Wewe ukiwa na watoto, simameni hapo dakika mbili muwaeleze.

Kutoka stesheni kwenda mjini kwa miguu utapita bustani ya Citadelpark. Humo kuna mnara wa ukumbusho wa mwaka 1888 wa ndugu wawili wa Gent, Lieven na Joseph Van de Velde, maofisa waliomtumikia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kule Kongo na kufia huko. Waliochongwa kwa heshima ni wao, kwenye medali. Lakini juu ya mwamba amekaa mtoto Mwafrika wa shaba. Huyo ni Sakala, mtoto Mkongo aliyeletwa Gent mwaka 1884 na Lieven. Vizazi vya watu wa Gent vimemwita "Mweusi mdogo" tu, kwa lugha yao, kana kwamba hana jina. Nakuomba ukifika na wanao, waambie jina lake. Ni mtoto aliyetolewa kwao, akapitishwa barabarani atazamwe, na mwisho akawa pambo la mnara wa mtu mwingine.

Kwenye bustani nyingine, ya Zuidpark, palikuwa na kichwa cha sanamu cha Leopold wa Pili. Mji ulikiondoa tarehe 30 Juni 2020, siku Kongo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru. Siku hiyohiyo Mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi barua ya kusikitikia mateso ya zamani. Wapo waliosema ni kidogo na kimechelewa, na mimi ni mmoja wao. Lakini nilipokuwa natembeza wageni nililiona jambo: vijana wa pale wanauliza maswali ambayo babu zao hawakuuliza.

Pitieni pia Jumba la Makumbusho la Viwanda. Mnamo mwaka 1800 hivi, Lieven Bauwens aliiba siri ya mashine ya kusokotea pamba kutoka Uingereza, akaivusha kwa vipande vipande, Waingereza wakamhukumu kifo naye hayupo. Mashine hiyo iko pale, na ndiyo iliyoirudisha Gent kwenye utajiri. Maelezo ya watoto waliofanya kazi viwandani yamo, tena kwa uchungu. Ukiwa mbele ya mashine hiyo wakumbushe wanao na upande wetu: tangu 1917 wakulima wa Kongo walilazimishwa kulima pamba kwa bei iliyopangwa na wakoloni, ili viwanda vya Ubelgiji visilale njaa.

Jambo moja la kukufurahisha: Chuo Kikuu cha Gent kinafundisha Kiswahili. Usishangae kijana mwenye nywele za manjano akikugeukia kwenye tramu akakuamkia. Mimi nimeamkiwa shikamoo kwenye foleni ya mkate.


#6 Mdau wa Bukavu

Ninashukuru sana. Sakala, nimeliandika. Na lugha je? Sisi Kifaransa ndicho tunachojua.


#7 Mleta uzi

Gent ni upande wa Kiholanzi, ndugu. Wengi wanajua Kifaransa lakini suala la lugha kule lina historia ya maumivu, kwa hiyo usiingie dukani ukaanza nacho moja kwa moja. Salamu kwa Kiholanzi, "dag" tu inatosha, kisha uliza kama wanaweza kukujibu kwa Kifaransa. Uso unafunguka. Watoto wakijua Kiingereza ndiyo rahisi zaidi. Na uwe macho stesheni: ukipanda treni sehemu za Wabelgiji wa Kifaransa, ubao utaandika Gand. Ni mji uleule.


#8 Mdau wa Muscat (asili Unguja)

Asalaam aleikum. Mama watoto anaiulizia halali. Na je, vile vyakula vyao maarufu tunaweza kula?


#9 Mleta uzi

Waaleikum salaam, sheikh wangu.

Halali ipo tele. Tembeeni kutoka ngome kuelekea kaskazini, mtaa wa Sleepstraat. Waturuki wengi wa Gent asili yao ni mji mmoja, Emirdağ, na mtaa ule wameujaza mikahawa: nyama choma, supu ya dengu, na ule mkate mrefu wa nyama unaotolewa jikoni ukiwa wa moto, kingo zimekunjwa kama mashua. Hata Wabelgiji wenyewe wanakwenda kula huko usiku. Misikiti ipo maeneo ya jirani, waulizeni wenye mikahawa.

Chakula chao maarufu, stoverij, ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu mpaka inayeyuka, lakini inapikwa kwa bia. Hiyo muiache, na ulizeni hata mchuzi unaomwagiwa kwenye chipsi, mara nyingi ni uleule. Waterzooi ni kuku kwa mboga na malai, inafanana na mchuzi mweupe mzito. Ulizeni kuku ametoka wapi. Gent ina chakula kingi kisicho na nyama kabisa, tangu 2009 mji ulihimiza Alhamisi kuwa siku ya kula bila nyama, kwa hiyo hamtakosa. Kuna peremende za zambarau zenye umbo la koni, cuberdon, nje ngumu kidogo ndani zinamwagika sharubati. Watoto watazililia. Baadhi zina jelatini, ulizeni kabla. Na msizinunue za kupeleka Unguja likizo ya mwakani, baada ya wiki chache ndani zinakuwa sukari ngumu.

Haradali je? Uwanja wa Groentenmarkt kuna duka la Tierenteyn, linauza haradali tangu 1790. Inachotwa kwenye pipa la mbao inatiwa kwenye kikopo chako. Ukiinusa machozi yanatoka. Hiyo ndiyo zawadi ninayoipenda kuliko chokoleti.


#10 Mdau wa Tabora

Wakuu, viza. Wengine tunaishia kusoma tu.


#11 Mdau wa Antwerpen

Mleta uzi niruhusu nimjibu, nimesaidia ndugu kadhaa.

Ni viza ya Schengen, yaani moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, ndiyo bei tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, kwa hiyo kama Gent ndiyo makao yako, omba ya Ubelgiji, usiombe ya Ufaransa kisa umesikia inatoka haraka. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kuliko siku 15 kabla. Majibu ya kawaida ni ndani ya siku 15, wakiwa na shaka yanafika 45. Bima ya safari lazima ifidie angalau yuro 30,000.

Wanachokitazama hasa ni kama utarudi. Barua ya kazi yenye likizo iliyosainiwa, leseni ya biashara na marejesho ya kodi, taarifa ya benki ya miezi kadhaa yenye mzunguko wa kweli. Usiweke milioni kumi siku tatu kabla ya kuomba, hiyo wanaiona mara moja. Kama unaalikwa na ndugu anayeishi huku, yeye aende manispaa yake akajaze ahadi ya kukugharamia, fomu yao inaitwa 3bis, na alete hati zake za mshahara. Ratiba yako iandike kwa ukweli: siku hii Gent, siku hii Bruges, na hoteli zilingane na ratiba. Nimeona maombi yakikataliwa kwa sababu hoteli ni Brussels lakini ratiba inasema Paris.


#12 Mleta uzi

Mkuu umemaliza, asante sana. Naongeza ndege: kwa walioko Uganda, Rwanda, Burundi na Kinshasa, Brussels Airlines inatua kwenu. Waliobaki linganisheni bei kupitia Addis, Doha au Istanbul.


#13 Mdau wa Nakuru

Nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka 71 na goti linamsumbua. Ni mkatoliki wa dhati, ndoto yake ni kuona makanisa ya zamani. Tunafikiria Julai. Je, ataweza?


#14 Mleta uzi

Ataweza, na nakupongeza kwa wazo hilo. Mpe mama shikamoo yangu.

Kwanza tarehe. Gent ina sherehe za siku 10 kila Julai, zinaanza Ijumaa ya kabla ya tarehe 21. Muziki kila uwanja, watu kama utitiri mpaka alfajiri, bei za vyumba zinapanda. Kwa kijana ni raha isiyo kifani. Kwa mama mwenye goti, siyo. Mpeleke mwishoni mwa Mei au Juni mwanzoni, jua linazama karibu saa nne usiku, hapashindi joto, na foleni ni za kustahimilika. Msiende Desemba mkitegemea kutembea sana, saa kumi na moja jioni ni giza tayari.

Mawe ya mitaani ndiyo adui wake mkubwa. Ni ya mviringo na hayako sawa, na reli za tramu zinapita katikati. Viatu vya soli nene, na fimbo kama anayo. Msikodi gari: tangu 2017 katikati ya mji pamezuiwa magari kwa sehemu kubwa, utazunguka tu na kupigwa faini. Ila kwa hilo hilo mama atavuka barabara kwa amani. Mfundishe tu kusikiliza kengele za baiskeli, maana zile hazisimami.

Gravensteen aiache, ni ngazi za kuzunguka tu na hakuna lifti. Mnara wa kengele una lifti, lakini ulizeni mlangoni kwanza kuhusu ngazi za kuanzia. Sint-Baafs wamejenga lifti walipotengeneza njia mpya ya wageni mwaka 2021, kwa hiyo mpaka mbele ya Mwanakondoo atafika bila shida. Mwacheni akae. Kisha Sint-Niklaas, ni hatua chache tu, lile jiwe lake la samawati-kijivu lilitoka Tournai kwa mashua. Nje yake imewekwa kengele kubwa iliyopasuka mwaka 1914, ataweza kuigusa. Baada ya hapo mpakizeni kwenye boti pale Graslei, kama dakika 40 hivi, ataona kila kitu akiwa ameketi. Jioni mkirudi hotelini mpe pumziko, Bruges iwe kesho yake: kuna sanamu ya Bikira Maria na Mtoto ya Michelangelo kwenye kanisa la Mama Yetu, na kwa mkatoliki hiyo nayo si ya kukosa.

Kuna kadi ya mji ya saa 48 au 72, inaingiza makumbusho mengi, boti, tramu na mabasi. Kwenu wawili wa siku mbili inalipa. Hakikisha tu kwenye tovuti yao kwamba bado inamjumuisha Mwanakondoo siku mtakayonunua, na umpangie saa yake mapema.

Chumba kitafute karibu na kituo cha tramu, si ndani kabisa ya Patershol, ule mtaa wa kale. Vichochoro vya Patershol ni vizuri kwa macho, lakini teksi haifiki mlangoni na mizigo utaibeba mwenyewe juu ya yale mawe. Ukipata majina ya hoteli mbili tatu yaweke hapa, nitakuambia ipi ina mwendo mfupi kwa mama.